Duara, Pembetatu na Mraba katika Nembo za Michezo ya Kujihami: Uhakiki wa Maelezo Yake kwa Kiswahili

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mbele yetu ili yasanifiwe, yako mafupi ambayo waandishi wake huyadharau, nayo ni maelezo ya nembo. Katiba ya chama huandikwa kwa uangalifu mkubwa; vifungu vya fedha na vya uchaguzi hujadiliwa mpaka usiku wa manane. Lakini ule ukurasa wa mwisho unaoeleza nembo huandikwa kwa haraka, aghalabu kwa kunakili maneno ya watu wengine. Katika makala haya twakusudia kuhakiki maelezo ya namna hiyo katika michezo ya kujihami iliyotoka Mashariki ya Mbali, hususan karate na judo. Tumeichagua michezo hii kwa kuwa nembo zake hujengwa kwa maumbo ya kihesabu, yaani duara, pembetatu, mraba na pembenane, na kwa kuwa lugha yetu inayo maneno ya maumbo hayo lakini bado haijazoea kuyatumia kwa kazi hii.

Maelezo yaliyotusukuma kuandika yalitoka kwa kikundi kimoja cha vijana wafanyao mazoezi ya karate huko Gonja, upande wa mashariki wa milima ya Upare wa Kusini, katika Wilaya ya Same. Nembo yao ni duara. Ndani ya duara mna pembetatu. Ndani ya pembetatu mna mraba. Na ndani ya mraba imechorwa ngumi. Mchoro wenyewe ni safi. Mistari yake ni minene kiasi cha kuonekana kifuani pa mtu aliye mbali, na jicho la mtazamaji huongozwa kutoka nje hadi kwenye ngumi bila kupotea njia. Kwa upande wa mkono wa mchoraji, basi, hatuna la kulalamikia. Kasoro imo katika maneno. Maelezo yanasema kwamba duara ni ukamilifu wa ulimwengu, pembetatu ni mwili, akili na roho, na mraba ni uimara. Sentensi ni tatu, wala hakuna hata moja inayoweza kutambulikana kuwa imetoka Gonja. Maneno hayohayo yangeweza kubandikwa kwenye nembo ya benki, ya kiwanda cha sabuni au ya chama cha wapanda farasi wa nchi ya mbali, na hakuna ambaye angeona tofauti.

Huenda msomaji akauliza, kuna madhara gani? Madhara yalitokea. Wazazi kadhaa waliposikia kwamba watoto wao wanavaa pembetatu yenye ‘roho’ ndani yake, walianza kunong’onezana kwamba hii ni alama ya Frimasoni. Wasomaji watakumbuka jinsi uvumi wa Frimasoni ulivyoenea nchini petu mwanzoni mwa muongo wa 2010, hata ikawa kila pembetatu iliyochorwa ukutani au kwenye fulana inatiliwa shaka. Watoto wakazuiwa kwenda mazoezini. Hapo ndipo vijana walipotuletea karatasi yao, wakiomba ‘maneno mazuri zaidi’.

Na tuanze na uvumi huo, maana hata uvumi una istilahi zake, na istilahi zikinyooshwa uvumi hupungua nguvu. Alama inayojulikana zaidi ya Frimasoni si pembetatu. Ni bikari na skwea ya seremala zilizopandanishwa, na umbo linalotokea katikati yake ni pembenne iliyosimama juu ya ncha yake. Ni kweli kwamba liko pia jicho lililomo ndani ya pembetatu, ambalo huonekana katika noti ya dola moja ya Marekani, na Frimasoni nao wamelitumia jicho la namna hiyo. Lakini jicho hilo lilichorwa kwanza na Wakristo wa Ulaya, na pembetatu yake ilikuwa ni Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo mzee wa kanisa wa Gonja angeweza kabisa kuitazama pembetatu ya vijana akaona Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Seremala angeona kenchi ya paa. Na mwalimu wa hesabu angeona nyuzi 180. Umbo ni lilelile. Mwenye kusema ni maneno yaliyo chini yake, na pale ambapo maneno ni matupu, kila mtu hujaza ya kwake.

Jambo hili halikuanza kwetu. Wajapani wenyewe, ambao tumezoea kudhani kwamba kila mchoro wao una siri moja iliyofungwa tangu kale, hawana maana moja kwa umbo moja. Tuchukue nembo ya Kodokan, chuo cha judo ambacho Kano Jigoro alikianzisha mjini Tokyo mwaka 1882. Nembo hiyo ni kisahani chekundu kilichomo ndani ya umbo jeupe lenye ncha nane. Wako waielezao kwamba ni kioo kitakatifu cha Kijapani chenye pande nane, ambacho mtu hujitazama humo akaona moyo wake. Wako pia wasemao kwamba wekundu wa katikati ni chuma kilichochomwa motoni, na weupe unaokizunguka ni hariri: ugumu ndani, ulaini nje. Maelezo hayo mawili hayafanani hata kidogo, maana moja huzungumzia kujichunguza na jingine huzungumzia namna ya kupigana. Na yote mawili hukubaliwa na watu wa judo. Mtu anayeandika kwa Kiswahili kwamba ‘pembenane ya judo humaanisha’ jambo fulani amekwisha kukosea kabla ya kumaliza sentensi. Yampasa aseme ni nani husema hivyo.

Nembo ya karate ya Kyokushin, iliyoanzishwa na Oyama Masutatsu, ni mfano mwingine wenye mafunzo. Nayo huitwa kanku, kwa kufuata zoezi ambalo mchezaji huanza kwa kuinua mikono miwili, vidole vikigusana, akaitazama mbingu kupitia uwazi uliobaki. Ncha za nembo ni vidole; sehemu nene ni vifundo vya mikono, na humo ndimo mna nguvu; katikati ni kina kisicho mwisho; na duara linalozunguka vyote ni mwendo usiokatika. Twaisifu nembo hii kwa sababu maelezo yake huanza na mwili. Kwanza yakuonyesha vidole na vifundo, vitu ambavyo mtoto wa miaka saba anaweza kuvihakiki kwa kuinua mikono yake mwenyewe. Ndipo yanapokupeleka kwenye kina na mwendo. Maelezo ya vijana wa Gonja yalianza juu mawinguni na hayakushuka.

Mashabiki wa Shotokan nao hueleza kwamba chui-milia aliyomo ndani ya mviringo ni ukali. Lakini mchoro ule, aliouchora Kosugi Hoan kwa ajili ya kitabu cha rafiki yake Funakoshi Gichin, ulitoka katika mchezo wa maneno. Wajapani wana msemo unaotaja ‘hati ya chui-milia’, na maana yake ni kitabu cha kutegemewa katika fani fulani. Mchoraji alitania kwamba kitabu cha mwalimu ndicho hati hiyo, akamchora mnyama. Tafsiri ikifanywa bila kujua jambo hili, utani huo hufa na hubaki mnyama mkali tu.

Tena liko lile la mtawa mchoraji Sengai, aliyeishi kati ya 1750 na 1837, aliyechora duara, pembetatu na mraba kwa wino kwenye karatasi moja wala asiandike maana yake. Wanazuoni wamejadiliana juu ya karatasi hiyo hata leo. Ueshiba Morihei, mwanzilishi wa aikido, alitumia maumbo hayohayo matatu kuwafundishia wanafunzi wake, lakini yeye aliyatia maneno: pembetatu katika namna ya kusimama na kuingia, duara katika kugeuka, mraba katika kumdhibiti mpinzani. Mmoja alinyamaza, mwingine akasema. Wote wawili walijua wanachokifanya. Anayenakili hakunyamaza wala hakusema.

Hatusemi kwamba wageni wasinukuliwe. Mchezo wenyewe ulikuja na majina yake, na ulikuja kwa njia za heshima. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha Goju-ryu ya Okinawa jijini Dar es Salaam, katika shule ya Zanaki, na wanafunzi wake wakaieneza. Tunalosema ni kwamba hata wenyewe wa Okinawa hawakuyachukua majina kama yalivyowafikia. Neno karate liliandikwa zamani kwa herufi zenye maana ya ‘mkono wa China’. Mwaka 1936 walimu walikutana mjini Naha wakakubaliana liandikwe kwa herufi zenye maana ya ‘mkono mtupu’, na matamshi yakabaki yaleyale. Huo ulikuwa mkutano wa istilahi, ndugu wasomaji, kama mikutano yetu ilivyo, pengine hata na ubishi wake.

Sasa na tutazame yaliyomo katika Kiswahili chenyewe. Neno nembo, katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa ni chale ya mwilini iliyomtambulisha mtu kwa kabila lake. Wamakonde huziita chale zao dinembo, nazo zilichanjwa kwa maumbo ya kihesabu hasa: mistari iliyonyooka, pembe zilizopangana, pembenne zilizosimama juu ya ncha. Kwa hiyo neno letu la kutajia alama ya chama limezaliwa tangu mwanzo likiwa na maumbo hayo ndani yake, tena yaliyolipiwa kwa damu. Upande wa tambarare, majirani wa Wapare, yaani Wamasai, walichora juu ya ngao zao za ngozi michoro iitwayo sirata, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo ilitambulisha rika na ukoo wa mwenye ngao, na alama nyingine hazikuruhusiwa ila kwa aliyeonyesha ushujaa vitani. Hiyo ndiyo nembo ya mapigano kwa maana yake kamili: kuichora pasipo kustahili lilikuwa kosa. Ngao iliyomo katika Nembo ya Taifa letu, iliyogawanywa kwa mikanda inayolala, imo katika ukoo huohuo wa mawazo. Kijana wa Same anayetafuta mfano wa maumbo yanayobeba maana hana haja ya kuvuka bahari kwanza.

Tukija kwenye majina ya maumbo, tatizo la kwanza ni duara. Katika maelezo mengi tuliyoyasoma, neno hili limebebeshwa vitu viwili tofauti. Lipo duara lililo wazi katikati, kama kata wanayojitwika akina mama kichwani kabla ya kupandisha mkungu wa ndizi. Na lipo duara lililojaa, kama ungo au sinia. Mwanahesabu hutofautisha mzingo na eneo lake, nasi katika nembo yatupasa kutofautisha vilevile, kwa sababu maana hubadilika. Kwa wengi wa Mashariki ya Mbali, duara lililo wazi hubeba utupu, na utupu ndiyo sehemu ya pili ya jina la mkono mtupu. Duara jekundu lililojaa ni jua. Twapendekeza ‘pete’ kwa lile lililo wazi na ‘kisahani’ kwa lile lililojaa, na duara libaki kuwa jina la jumla. ‘Tufe’ lisitumike kabisa, maana nembo haina unene. (Neno kata lingefaa sana mahali pa pete, lakini limekwisha kushikwa: kata ni eneo la utawala, na katika karate kata ni mfuatano wa mapigo anaoufanya mchezaji peke yake. Mtu akisema ‘mtihani wa kata’ huko Gonja, hatujui kama anayetakiwa kujiandaa ni mwanafunzi wa karate au diwani.)

Katikati ya duara pana kitovu. Hapa lugha yetu imewapita wengi kwa bahati njema. Mafunzo ya Kijapani huweka makao ya pumzi na nguvu mahali palipo chini kidogo ya kitovu cha mtu, na maelezo ya kigeni hulazimika kutafuta maneno ya kuunganisha kitovu cha mchoro na kitovu cha mwili. Kwa Kiswahili ni neno moja. Kwetu pia mahali kitovu cha mtu kilipozikwa ni kwao. Mwandishi wa nembo anayeandika ‘sehemu ya kati’ badala ya ‘kitovu’ ameuacha utajiri huo ukimwagika.

Pembetatu nayo imejengwa na pembe. Mzungu anapotaja jina la umbo hili husikia kona. Mswahili husikia kona na papo hapo husikia silaha ya nyati. Pembe hukinga, hutoboa, na hupulizwa kuita watu. Katika nembo ya mchezo wa kujihami huo si mkanganyo wa kuogopwa, ni zawadi. Ingetosha kusema kwamba pembetatu yetu ina pembe tatu, kisha kusema kila pembe ni ya nini.

Na mraba? Vijana waliandika kwamba ni uimara, neno kavu lililotokana na tafsiri, ilhali lugha yao ya kila siku humwita mtu aliyejengeka mwili ‘mtu wa miraba minne’. Tulishangaa kwamba hawakuliona. Msemo huu una picha, una ucheshi, na una onyo lake pia, kwa kuwa mtu wa miraba minne si lazima awe mpiganaji hodari. Wengi wao huangushwa na wembamba waliojifunza kugeuka.

Lipo pia suala la alama, ishara na taashira, maneno ambayo maelezo ya nembo huyachanganya kana kwamba ni mamoja. Twaona heri alama iwe mchoro wenyewe uonekanao. Ishara iwe ni tendo la mwili, kama kuinama kwa heshima au kuinua mkono. Na taashira iwe ni kile ambacho alama imekubaliwa kuwakilisha. Hivyo ngumi iliyochorwa ni alama, ngumi iliyokunjwa mbele ya mwalimu ni ishara, na kujizuia kunakotajwa katika maelezo ni taashira. Ukisoma karatasi ya Gonja kwa macho haya, waona kwamba mna taashira tupu, na alama hazikuelezwa kabisa: hakuna aliyeambiwa pembetatu imesimama juu ya kitako au juu ya ncha, wala rangi yake ni ipi. Fundi cherehani akipewa maelezo hayo bila mchoro hawezi kushona nembo. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia sisi, nacho hakihitaji falsafa.

Tuliwaandikia vijana swali moja tu: duara lenu, huko kwenu, ni nini? Jibu lao la pili ni maandishi ya namna nyingine kabisa. Duara, wanasema, ni ndiva. Kwa wasomaji wasioijua milima ile, ndiva ni bwawa dogo la asili ya Wapare, linalojengwa kwa mawe na udongo kuzuia maji ya mfereji. Usiku maji hukusanywa, mchana hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu, na matengenezo yake hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo mtu hawezi kuikwepa bila kuulizwa. Mchezaji, kwa maelezo yao, ni lazima ahifadhi nguvu usiku mzima wa mazoezi kabla ya kuifungua, na anayeifungua hovyo huharibu shamba la jirani. Haya ni maelezo ya karate ambayo hatujapata kuyasoma mahali pengine, na yameeleza fundisho la kujizuia kwa ukamilifu kuliko vitabu vingi.

Hata hivyo hatutawasifu kwa yote. Ndiva haina umbo la bikari. Hufuata mteremko wa ardhi, na mwandishi angefanya vyema kukiri kwamba nembo imeirekebisha. Pembetatu wameifanya mlima, jambo ambalo kila kikundi cha Kilimanjaro hadi Usambara kingeweza kulifanya, na pembe zake tatu bado hazina kazi. Mraba wameubadilisha kuwa ‘jengo la mazoezi’, nasi twadhani hapo walichoka. Lakini karatasi hiyo ya pili imebandikwa kwenye ubao pale wanapofanyia mazoezi, na mzazi anayeisoma akakuta ndiva ya kijiji chake hana sababu ya kwenda kutafuta Frimasoni.

Limebaki umbo moja ambalo lingali linatusumbua. Shule nyingi za karate ya Okinawa huvaa alama ya ukoo wa kifalme wa Sho, uliotawala Ryukyu hadi 1879: maumbo matatu yenye kichwa kinene na mkia mwembamba, yanayofukuzana ndani ya duara. Watafsiri wetu wameyaita ‘mikato’, kwa kuyafananisha na alama ya uandishi, wengine ‘viluwiluwi’, wengine ‘matone’. Mkato ni mwembamba mno, na kiluwiluwi huchekesha pale ambapo mvaaji hataki kuchekwa. Sisi twaelekea kwenye ‘korosho’, jina ambalo wavaaji wa kanga wamekwisha kulipa pambo lenye umbo la karibu na hilo, hivyo alama nzima iitwe ‘korosho tatu’. Ubaya wake ni kwamba korosho haina mkia uliochongoka, na pambo la kanga hukaa peke yake bila kuzunguka. Wasomaji wa Upare na wa kwingineko walio na jina la kienyeji la umbo hili, liwe la ususi, la ufinyanzi au la uhunzi, wanaombwa watuletee pamoja na mchoro wake.